Mashine Inayozima Ikishapata Joto: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Kibirizi, Kigoma

Mashine ni ya HP 40, ya Kijapani, silinda mbili, mipigo miwili, ile ya kuchanganya oili kwenye petroli. Inasukuma boti ya dagaa inayoegeshwa Kibirizi. Lalamiko lilikuwa fupi: ikiwa baridi inawaka kwa kuvuta kamba mara moja au mbili, inakwenda vizuri karibu nusu saa, kisha kwenye mwendo mkubwa inaanza kukata moto, na muda si mrefu inazima kabisa. Vuta kamba mpaka kiganja kichubuke, haiwaki. Iache ipoe, inawaka tena na wala hutajua kuwa ilikuwa imegoma.

Anayelijua Ziwa Tanganyika hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Mashine ikizima usiku mbali na ufukwe, boti inabaki mali ya upepo. Kina cha ziwa hili panapozidi ni mita 1,470, kwa hiyo nanga si msaada wa maana ukishaachana na pwani. Upepo ukiamua kwenda magharibi, unaweza kupambazukiwa upande wa Kongo ukiwa na dagaa wasiouzika na maelezo yasiyoaminika. Tajiri wa boti alikuwa ameshachoka. Alitaka kuiuza mashine kwa bei ya vipuri.

Historia yake kabla haijanifikia

Mwaka 2024 upande wetu wa ziwa ulifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi hiyo mitatu mashine ilikaa stoo, imeegemezwa ukutani, imefunikwa turubai. Ilipotolewa iligoma kabisa. Hakuna cheche hata ya kuigiza. Fundi wa kwanza aliyeitwa alifungua kava na kukuta panya wamekula ganda la waya unaokwenda kwenye swichi ya kuzimia. Shaba ilikuwa inagusa chuma cha injini. Akakata kipande kibovu, akaunga, akafunga tepu, mashine ikawaka. Alifanya kazi halali na sina neno naye.

Lakini ushindi ule ndio uliowapoteza wote waliofuata. Kuanzia siku hiyo kila mtu aliyehusika na boti aliamini kwamba mashine hii ina ugonjwa mmoja tu, wa waya, na umeshatibiwa. Ilipoanza kuzima njiani wiki kadhaa baadaye, wakafikiri tepu imeachia. Waya ukafungwa upya. Haikusaidia. Wakageukia petroli: ina maji, imechakachuliwa, imekaa muda mrefu. Tangi likamwagwa, kabureta ikaoshwa, ngozi ya pampu ya mafuta ikabadilishwa. Plagi mpya zikawekwa. Kisha akatokea mtu akasema ni taa, kwa kuwa kuna kijana aliyekuwa ameunga taa ndogo za LED kwenye waya wa taa wa mashine. Taa zikang'olewa. Mwisho wakafika pale wanapofika wengi: boksi la CDI, kifaa cha kielektroniki kinachotunza umeme wa cheche na kuuachia kwa wakati wake. Likanunuliwa moja, mashine ikaendelea kuzima. Likanunuliwa la pili.

Naomba nitue hapa kidogo kwenye CDI. Ni boksi jeusi lililozibwa kwa utomvu mgumu. Huwezi kulifungua ukaona kilichoungua. Kwa sababu halionekani ndani, linabeba lawama za kila kitu kilicho karibu nalo. Mafundi wengi hulihukumu kwa kuondoa tu: nimepima vingine vyote, viko sawa, basi ni hilo. Hoja hiyo ni nzuri ikiwa kweli umepima vingine vyote katika hali ile ile ambayo mashine inagoma. Hapa mashine ilikuwa inagoma ikiwa ya moto, na kila aliyeipima aliipima asubuhi, ikiwa juu ya stendi, baridi.

Maswali kabla ya spana

Nilikaa na nahodha kwanza. Tajiri hakuwahi kuwa ndani ya boti ikizima, kwa hiyo maelezo yake yalikuwa ya kusikia.

“Fundi, ukiminya pampu ya mkono na kulegeza kifuniko cha tangi, inawaka,” nahodha aliniambia. Huo ndio ulikuwa ushahidi wake kwamba tatizo ni mafuta.

“Inawaka palepale, nahodha?”

“Palepale hapana. Mpaka tumalize kubishana.”

“Mnabishana muda gani?”

Akacheka. “Sigara mbili, tatu.”

Jibu hilo lilikuwa na thamani kuliko CDI zote mbili. Tangi likiwa na tundu la hewa lililoziba, mashine hukohoa na kuzima; ukilegeza kifuniko na kuminya pampu mara chache, huwaka saa hiyo hiyo. Haingoji. Hapa kifuniko kilikuwa kinalegezwa, pampu inaminywa, na bado inabidi kusubiri. Kilichoiponya ni kule kusubiri. Kifuniko kilipewa sifa kwa kuwa ndicho walichokishika.

Nikamuuliza inavyozima. Mafuta yakikatika, mashine hupungua nguvu taratibu, hulegea, mara nyingine hupanda mwendo kidogo kabla ya kufa kwa kuwa mchanganyiko umekuwa mwepesi. Yeye akaeleza kitu tofauti: inakata, inarudi, inakata, inarudi, ghafla inanyamaza. Mwendo ukiwa mdogo inastahimili zaidi, ukiongeza, inakata. Maji ya kupoozea je? Inakojoa vizuri muda wote, na kichwa cha injini hakijawahi kutoa mvuke. Basi si kwamba mashine nzima inachemka kupita kiasi.

Kisha ratiba ya usiku. Wavuvi wa dagaa hutoka jioni, wakafika kwenye maji wanayoyataka, wakawasha taa na kuzima mashine. Saa kadhaa mashine imelala inapoa huku dagaa wakikusanyika kwenye mwanga. Katikati ya usiku wanaweza kuhama kidogo, dakika tano, kumi. Alfajiri wanarudi na mzigo. Nikamuuliza inazima katika safari ipi. Akafikiri. Kwenda, ndiyo. Kurudi, ndiyo, tena zaidi. Kuhama katikati ya usiku, haijawahi hata siku moja. Halafu akakumbuka jingine: kuna siku walipeleka watu msibani Mwamgongo, mchana wa jua kali, boti imejaa. Siku hiyo ilizima mapema kuliko kawaida na ikachukua muda mrefu kupoa.

Kwa hiyo kosa lilikuwa linafuata mambo matatu: muda wa kukimbia, uzito wa mzigo, na joto la hewa. Yote matatu ni joto. Mtu anaweza kubisha kwamba hata petroli huchemka kwenye njia zake mashine ikipata joto, na ni kweli, hutokea. Ndiyo maana nilimpa nahodha kazi moja kabla sijagusa spana: mashine ikizima tena, baada ya kuvuta kamba mara kadhaa bila mafanikio, atoe plagi zote mbili kabla ya kushika kitu kingine chochote, azipige picha chini ya tochi, anitumie kwenye WhatsApp. Picha zikaja usiku ule ule. Plagi zote mbili zilikuwa zimelowa, zinang'aa kwa petroli na oili.

Plagi kavu ingenirudisha kwenye mafuta. Plagi iliyolowa inasema mafuta yamefika na hayakukuta cheche. Na zote mbili zililowa. Hilo neno “zote” ndilo lililopunguza kazi kwa nusu.

Kilicho cha wote wawili

Ili jambo hili lieleweke lazima tupite kwenye njia ya umeme wa mashine hii. Haina betri ya kuwashia. Flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka juu ya injini, ina sumaku ndani ya ukingo wake, na chini yake kuna bamba lenye koili. Koili ya kuchaji ndiyo yenye waya mwembamba uliosukwa mizunguko mingi sana. Sumaku zikipita mbele yake inazaa volti zinazoweza kufika mia kadhaa. Umeme huo unaingia kwenye CDI, unanyooshwa na daiodi na kuwekwa kwenye kapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme. Hapo unasubiri. Koili nyingine ndogo, ya kutoa ishara, hutuma mshtuko mdogo pistoni inapokaribia juu. Ishara hiyo hufungua mlango wa kielektroniki ndani ya CDI, na kapasita hujimwaga mara moja kwenye koili ya plagi. Koili ya plagi ndiyo inayopandisha volti hadi maelfu kwa makumi, ikaruka cheche.

Waya wa kuzimia unaingia katikati ya mambo haya kwa njia rahisi mno: ukibonyeza swichi au ukivuta kamba ya usalama (ile anayojifunga mwendeshaji ili akianguka mashine izime), umeme wa koili ya kuchaji unapelekwa ethi, kwenye chuma cha injini, badala ya kujaza kapasita. Mashine inakosa cheche, inazima. Ndiyo sababu panya mmoja anaweza kuigomesha mashine nzima. Wengi hudhani swichi ya mashine kama hii hukata umeme ikizima, kama swichi ya taa ya nyumbani. Inafanya kinyume, inaunga. Waya wa kuzimia ukikatika, mashine haizimiki. Ukigusa chuma, haiwaki.

Sasa, kwenye mashine hii kila silinda ina koili yake ya plagi, waya wake, kofia yake, plagi yake, na koili yake ya ishara. Ikifa silinda moja unatafuta huko. Zikifa mbili kwa wakati mmoja, kuamini kwamba koili mbili za plagi zimekubaliana kufa dakika ile ile ni kujipa matumaini ya bure. Unatafuta vitu wanavyotumia wote wawili. Navyo ni vichache: koili ya kuchaji, boksi la CDI, njia ya ethi, na waya wa kuzimia. Vinne tu. Taa za LED hazimo: koili ya taa ni nyingine kabisa kwenye bamba hilo hilo, na haichangii umeme na cheche. (Zile taa zilikuwa kosa la namna yake. Koili ya taa isiyo na kidhibiti hupandisha volti kadiri mashine inavyokimbia, na LED za volti 12 haziishi muda mrefu hapo. Lakini taa kuungua si mashine kuzima.)

Jaribio la ufukweni

Mashine hii huwezi kuijaribu kwenye pipa. Itaunguruma, itakojoa maji, itakaa saa nzima, nawe utamwambia mwenyewe imepona. Pipani haina mzigo, na bila mzigo haipati joto lile. Tuliifunga boti kwa kamba nene kwenye nguzo, pua ikielekea nchi kavu, mahali penye kina cha kutosha ili propela isisage mchanga, tukaweka gia na kuongeza moto hatua kwa hatua. Kabla ya hapo watoto wote waliondolewa nyuma ya boti, na kijana mmoja akapewa kazi ya kuhakikisha hawarudi. Kibirizi mchana ni mahali pa boti za kwenda vijiji vya kaskazini, magunia, abiria na wauza mihogo. Ukiwasha mashine imefungwa, watu wanasogea kutazama.

Vitu viwili vilitangulia. Kwanza nilichomoa waya wa kuzimia pale unapoingia kwenye CDI, nikaufunika mwisho wake. Kuanzia hapo swichi na kamba ya usalama havifanyi kazi, na mashine inaweza kuzimwa tu kwa kuvuta choki au kukata mafuta, kwa hiyo jaribio hili ni la boti iliyofungwa, siyo la safari. Faida yake ni kwamba mashine ikizima bado, waya wa kuzimia pamoja na swichi yake vimeachiwa huru, havina kesi. Pili, kati ya kofia na plagi ya kila silinda niliweka kipimo cha cheche cha kupitisha, chenye taa ndogo inayomweka kila cheche inapopita. Taa mbili, silinda mbili.

Wasio na kipimo hicho hutoa plagi, wakaigusisha kwenye chuma cha injini na kuvuta kamba. Inawezekana, ila kwa uangalifu. Plagi iwe imegusa chuma sawasawa, iwe mbali na tundu la silinda ambako mvuke wa petroli unatoka, na usivute kamba huku waya wa plagi ukining'inia hewani, maana umeme wa CDI usipopata pa kwenda hutafuta njia yake ndani ya koili au ndani ya boksi, na hapo utakuwa umeua kizima ukitafuta kibovu. Tena cheche inayoruka kwenye plagi hewani haithibitishi mengi. Ndani ya silinda kuna mgandamizo, na mgandamizo unadai volti kubwa zaidi. Kipimo cha pengo, lenye milimita kama 9 za hewa, husema ukweli zaidi.

Mgandamizo tulishaupima, silinda zote mbili zilikaribiana, sikuupa nafasi zaidi.

Mashine ikakimbia. Ilipokaribia nusu saa taa zikaanza kuruka mapigo, zote mbili kwa pamoja, na mlio ukabadilika sambamba nazo. Baada ya muda mfupi zikazimika zote mbili kwa wakati mmoja, flaiwili ingali inazunguka. Hapo petroli ilitoka rasmi kwenye kesi, kwa sababu mashine iliyokosa mafuta inazima huku taa ya cheche ikimweka hadi mzunguko wa mwisho. Waya wa kuzimia nao ulitoka, maana haukuwa umeungwa. Vilibaki vitatu.

Mita ndani ya dakika mbili

Hapa ndipo kasi inahitajika. Mita ilikuwa tayari, imewekwa kwenye ohm, yaani kupima ukinzani wa waya, na soketi ya waya za koili ya kuchaji nilikuwa nimeilegeza mapema ili isinipotezee muda. Mashine ilipozima tu, nikachomoa soketi na kuweka ncha za mita. Mita haikuonyesha namba. Njia iko wazi, hakuna mzunguko. Koili ambayo asubuhi ile ile, ikiwa baridi, ilisoma ndani ya kiwango kinachotakiwa na kitabu cha mashine, sasa ilikuwa imekatika.

Tukasubiri na ncha zikiwa palepale. Baada ya muda namba ikatokea, ikayumba, ikapotea, ikarudi, ikatulia karibu na ile ya asubuhi. Nahodha alikuwa amesimama nyuma yangu anatazama kioo cha mita. Hakusema kitu, akaenda kumwita tajiri aje aone.

Kuna mtego kwenye kipimo cha namna hii na ni vizuri kuutaja. Shaba ikipata joto, ukinzani wake hupanda kwa kawaida, takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Koili inayosoma ohm 200 kwenye nyuzi 25 itasoma kama ohm 240 ikifika nyuzi 75, na haina ugonjwa wowote. Nimeona koili nzima zikitupwa kwa sababu fundi alilinganisha namba ya moto na kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya namba ya baridi. Kupanda kwa moja ya tano si kosa. Kosa ni kuruka, kupotea, au kushuka ghafla, ambako maana yake ni mizunguko ya waya kuanza kugusana.

Na mita ina mpaka wake wa upande wa pili. Inapima ohm kwa kutumia volti chache za betri yake. Ganda la waya lenye ufa linaweza kuonekana zima mbele ya volti chache na likavuja mbele ya volti mia kadhaa. Kwa hiyo mita ikisema koili ni mbovu, mwamini. Ikisema ni nzima, amini nusu. Kwetu ilisema mbovu, bila kigugumizi, kwa hiyo CDI na ethi vilitoka kwenye orodha. Hata hivyo waya wa ethi wa CDI niliufungua, nikausugua kutu na kuukaza, kwa kuwa kazi yenyewe ni ya dakika chache.

Chini ya flaiwili

Flaiwili hutolewa kwa pula inayofungwa kwa boliti tatu kwenye matundu yake ya katikati. Sitachoka kulisema hili kwa kuwa nimeona matokeo ya njia nyingine: nyundo juu ya ncha ya kranki, au pula ya kucha inayovuta ukingo wa nje. Nyundo inaumiza beringi na kuachanisha sumaku zilizobandikwa. Kucha zinapinda flaiwili. Sumaku ikibanduka chini ya flaiwili inayozunguka mara elfu kadhaa kwa dakika, hutakuwa na haja tena ya kuuliza koili ipi ni nzima. Ukishaitoa, tazama kii ndogo ya shafti. Ikiwa imeanza kukatwa upande, taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, imesogea, na huo ni ugonjwa mwingine unaofanana na wa umeme. Ya kwetu ilikuwa salama.

Koili ya kuchaji kwa macho ilikuwa na ufa kwenye utomvu unaoifunika, na madoa ya rangi ya kijani upande wa ndani. Kijani ni shaba inayoliwa na unyevu. Siwezi kuapa kwamba ni ile miezi mitatu ya stoo iliyofanya hivyo. Ufa wa namna ile huzaliwa na miaka ya joto na mtikisiko, kisha unyevu hupata mlango. Kwa vyovyote, mambo yaliyofuatana mwezi ule ule yalikuwa mawili: panya kwenye waya na ufa kwenye koili. La kwanza lilizuia cheche kabisa, ndiyo maana la pili halikuweza kuonekana mpaka la kwanza lilipoondolewa.

Ili kumwondolea tajiri shaka ya mwisho, kwa kuwa alikuwa ameshaambiwa “tumeshaupata” mara nyingi, tulichukua bamba lote hadi saluni moja ya mtaa wa Mwanga, hapa Kigoma, na kuomba drai ya nywele. Dada mwenye saluni alitaka kujua kwanza kama kile chuma kina mafuta. Tulikifuta. Drai ikapulizwa juu ya koili, mita ikiwa imeunganishwa mbele ya tajiri. Namba ikapanda polepole kama inavyostahili, halafu ghafla ikapotea. Ikapoa, ikarudi. Drai tena, ikapotea tena.

Njia tatu za kupata koili

Kuagiza mpya kutoka Dar es Salaam ilikuwa njia safi, ila tajiri alikuwa ameshamaliza fedha kwenye maboksi. Alipiga hesabu mwenyewe pale saluni na kukiri kwamba bei ya yale mawili ingenunua koili mpya ikabaki na nauli ya kuifuata.

Njia ya pili, kusuka upya. Tunao mafundi wazuri wa kusuka mota za pampu na feni, na kuna mmoja alikuwa tayari. Nilishauri tusifanye hivyo. Waya wa koili ya kuchaji ni mwembamba kama unywele, na idadi ya mizunguko lazima irudi ile ile. Ukipunguza, kapasita haijai kwenye mwendo mdogo na mashine inakuwa ngumu kuwaka. Vanishi ya waya wa feni nayo inaweza isistahimili joto na mtikisiko wa chini ya flaiwili. Kusuka kunawezekana, lakini si kwa boti inayotegemea mashine hiyo usiku, na mtu anayeisuka kwa mara ya kwanza.

Tukaenda kwenye ya tatu: bamba kutoka mashine ya modeli ile ile iliyokufa kwa kupasuka pistoni. Muuzaji alitupimia ohm mezani na kusema ni nzima. Tukamwomba ruhusa ya kuipeleka saluni. Alidhani tunamtania. Koili ya kwanza aliyotupa ilirukaruka ilipopata joto. Ya pili ilipanda taratibu na kutulia, ikapoa na kurudi mahali pake, tukairudia tena na tena, ikawa hivyo hivyo. Hiyo ndiyo tuliyolipia. Tangu hapo nasikia muuzaji yule amejinunulia drai.

CDI ya asili, ile iliyotolewa na kutupwa kwenye ndoo ya vyuma, ilirudishwa na ikafanya kazi. Kati ya zile mbili mpya, moja ilikuwa sawa na ikabaki ya akiba. Nyingine ilikuwa ya modeli tofauti, soketi inaingia lakini taimingi haikubaliani, na ndiyo iliyokuwa imeiongezea mashine ukosefu wa nguvu juu ya ugonjwa wake.

Tukairudisha boti kwenye nguzo ya Kibirizi na kurudia jaribio kwa mzigo ule ule. Nusu saa ikapita, saa ikapita, taa mbili zikimweka bila kuruka. Nikaizima kwa choki na kupima koili ikiwa ya moto: namba ilikuwa juu kidogo ya ile ya asubuhi, kama hesabu ya shaba inavyotaka.

Ubishi wa mwisho ulikuwa na nahodha, kuhusu waya wa kuzimia. Aliipenda mashine isiyo na waya ule. Kwa maoni yake waya ndio ulioanza matatizo yote, na kuzima kwa choki kunatosha.

“Uache tu fundi, sisi tumeshazoea.”

“Na ukianguka majini, kaka, nani atavuta choki?”

“Vijana wapo.”

“Boti itakuwa inakuzunguka wewe na propela, usiku, na vijana wameshika taa.”

Tajiri ndiye aliyekata shauri. Tulitupa kile kipande kilichoungwaungwa, tukapitisha waya mpya mzima ndani ya mpira mgumu, mbali na kingo za chuma, tukafunga swichi mpya yenye kamba ya usalama. Kisha nahodha mwenyewe alitoka na boti hadi maji ya wazi, akaweka mwendo mkubwa, akavuta kamba ya usalama. Mashine ikazima palepale. Akaichomeka kamba, akawasha, akarudi.